Dizeli Isiyopata Joto: Siku Sita Kutoka Uppsala Hadi Kiruna

Alhamisi. Uppsala hadi Sundsvall, karibu kilomita 310. Asubuhi hasi 6.

Shemeji yangu amepata kazi Kiruna, kaskazini kabisa mwa Sweden, na Jumatano ijayo anaripoti. Vitu vyake vyote vimeingia kwenye steshenwagoni aliyoinunua Novemba kwa mtu binafsi: dizeli ya lita 2, imeshatembea kilomita 240,000, matairi ya misumari bado mapya. Mke wangu ndiye aliyenituma. "Mdogo wangu haendi huko peke yake na gari lisilo na joto," alisema jana usiku huku akifunga chapati kwenye foili, na mjadala ukaishia hapo.

Lalamiko la shemeji ni moja tu, hita haipashi. Kutoka nyumbani hadi kazini kwake hapa Uppsala ni kilomita 6, na kila asubuhi alikuwa anafika vidole vimekufa ganzi. Mafundi wawili wamemjibu kwamba dizeli ndivyo zilivyo. Jibu hilo linaniudhi kwa sababu lina ukweli ndani yake, na ukweli huo ndio uliomfanya aache kutafuta.

Ukweli wenyewe ni huu. Injini ya dizeli hubana hewa hadi ibaki sehemu 1 ya 16 au chini ya hapo, hewa inapata moto mkali, mafuta yananyunyizwa na kuwaka bila cheche. Kwa namna hiyo sehemu kubwa zaidi ya nguvu ya mafuta inaingia kwenye magurudumu kuliko kwenye petroli, na inayobaki kuwa joto la maji ni ndogo. Jambo la pili watu wengi hawalijui. Petroli ina mlango wa hewa ambao unajifunga ukiachia mguu, lakini dizeli huvuta hewa kifua kizima hata ikiwa sailensi, gari limesimama. Hewa hiyo yote ya baridi inapita kwenye silinda na kutoka kwenye ekzosti, ikiondoka na joto. Kwa hiyo ni kweli kwamba dizeli huchelewa kupata joto. Lakini kuchelewa ni tofauti na kutofika kabisa, na mimi nilitaka kujua la shemeji ni lipi.

Mshale wa dashibodi sikuutegemea. Magari mengi ya siku hizi mshale wake umepangwa usimame katikati maji yakiwa popote kati ya nyuzi 75 hivi na 100 na kitu, ili dereva asihangaike nao. Nilichomeka kile kifaa kidogo cha kusomea kompyuta ya gari, nikaunganisha na simu, shemeji akashika usukani na mimi daftari.

Tuliondoka saa 3 asubuhi. Baada ya kilomita 10, maji nyuzi 41. Baada ya kilomita 25, nyuzi 66. Hapo feni ya hita iko namba 2 na vioo vimeanza kuonyesha. Mpaka Gävle, mwendo wa 110 bila kusimama, namba ilicheza kwenye 72 na 74. Tukipanda mlima inafika 78, tukishuka inaanguka hadi 65. Injini nzima ya barabara kuu ilipaswa kukaa 85 hadi 90 na isibanduke hapo, kuwe na mlima au kusiwe.

"Unaandika nini muda wote, shemeji?" akauliza.

"Naandika homa ya mgonjwa."

Tumefika Sundsvall usiku. Hakuna la kusimulia zaidi kuhusu barabara. E4 imenyooka na misitu iko pande zote mbili.

Ijumaa. Sundsvall hadi Umeå, karibu kilomita 270. Hasi 15.

Kabla ya kuwasha nilivua glavu nikaweka kiganja kwenye hozi ile nene inayotoka kwenye themostati kwenda kwenye rejeta. Nikamwambia shemeji awashe. Kazi ya themostati ni kufunga njia ya rejeta mpaka injini ipate moto wake, maji yazunguke kwenye injini na kwenye hita ya ndani tu. Kwa hiyo hozi ile ilipaswa kubaki baridi kama chuma cha nje kwa dakika nyingi. Simu iliposoma nyuzi 33 niliihisi hozi inaanza kuwa vuguvugu mkononi. Themostati imekwama wazi. Injini hii inayobania joto lake ilikuwa inalipeleka lote kwenye rejeta, kwenye upepo wa hasi 15.

Shemeji aliuliza kama tununue nyingine papo hapo. Duka la vipuri lilikuwa nayo, tukainunua pamoja na mpira wake wa kuzibia na kulanti, ile dawa ya kuchanganya na maji ya injini yasigande. Lakini kufungua mfumo wa maji kwenye maegesho kwenye baridi ile, sikukubali. Umeå tuna rafiki mwenye gereji yenye joto.

Basi tukapita Höga Kusten na ugonjwa uleule. Hapo nchi inainuka na kushuka kweli, milima inaingia baharini, na ukishuka mteremko mrefu dizeli hukata mafuta kabisa. Hakuna kinachowaka, injini inasukumwa na magurudumu na inapigwa upepo. Nyuzi 80 juu ya mlima zinakuwa 61 chini yake. Daraja la Höga Kusten lilifunguliwa mwaka 1997, lina urefu wa mita 1,867, na nguzo zake mbili zinaonekana muda mrefu kabla hujalifikia. Shemeji alipunguza mwendo ili nilipige picha kupitia kioo kilichokuwa kimebaki na duara moja safi.

Kilomita chache kaskazini yake tukakuta foleni. Lori limeteleza, limelala kukata barabara, na hakuna aliyejeruhiwa, tuliambiwa baadaye. Tulisimama dakika 55, na hizo dakika 55 zimenifundisha kuliko safari nzima.

Tuliiacha injini sailensi, feni namba 2. Tulipoanza maji yalikuwa 70. Dakika 10, nyuzi 61. Dakika 20, nyuzi 54. Dakika 30, nyuzi 48, na hewa inayotoka miguuni imekuwa ya kawaida tu, kama pumzi ya mtu. Injini inaunguruma, mafuta yanaliwa, na gari linapoa mbele ya macho yetu. Shemeji akazungusha feni hadi namba 4 akitafuta joto zaidi, na namba ikashuka kasi zaidi. Nikamshika mkono. Feni haitengenezi joto; inalichota tu kwenye maji ya injini, na kisima kilikuwa kinakauka. Tukaizima feni kabisa, tukajifunika mablanketi, namba ikasimama kwenye 46.

Kioo kikagongwa. Alikuwa dereva wa lori lililokuwa nyuma yetu, mama wa makamo mwenye fulana ya njano. Alituona tunavyotetemeka akatuita tupande kwake. Ndani ya kichwa cha lori lake kulikuwa na joto la kuvua koti, na injini ilikuwa imezimwa. Chini ya kiti palisikika mlio mdogo kama wa jiko la mchina. Ilikuwa hita inayojitegemea: inachoma dizeli kidogo kwenye chumba chake na kupasha hewa moja kwa moja. Akasema ikikazana sana inakula kama robo lita kwa saa.

Nikapiga hesabu kwenye daftari langu palepale. Lita 1 ya dizeli ina nguvu ya kilowati-saa 10 hivi. Gari letu sailensi linakula lita 0.6 kwa saa, yaani kilowati 6. Kati ya hizo nyingine zinatoka na moshi, nyingine zinapotea kwenye chuma cha injini kinachopigwa na baridi, nyingine zinazungusha pampu na jenereta, na zetu zilikuwa pia zinaibiwa na rejeta. Ya kwake ni kilowati 2 na kitu tu, lakini karibu zote zinaingia kwenye kichwa cha lori alimokaa. Sisi tulichoma mara mbili na zaidi ya mafuta yake na tukapata baridi. Mtu asikae kwenye theluji akingoja injini ya dizeli sailensi imwokoe. Tuna chapati, tukampa mbili, akauliza zimetengenezwa vipi.

Umeå tumeingia saa 1 usiku. Mwenyeji wetu ni mtu wa Uvira, Kongo, aliishi miaka kambini Burundi kabla ya kuletwa huku na familia yake kama mkimbizi, na sasa anaendesha basi la mji. "Ingieni mbio, baridi iko kali," alisema mlangoni, "gari tutaliona kesho." Sombe ilikuwa mezani.

Jumamosi. Umeå. Hasi 19 nje, joto 16 gerejini.

Leo hatukusafiri.

Gereji ni ya umoja wa wakazi wa jengo lao. Unaandika jina kwenye orodha na unapewa muda wa saa 4. Nilianza kwa kupima kulanti kwa kipimo cha mwenyeji wetu. Kikaonyesha itaganda kwenye hasi 23. Mtu fulani, wakati fulani, aliongeza maji ya bomba. Nilikaa kimya kidogo nikiwaza tungekuwa wapi Jumatatu. Kulanti na maji nusu kwa nusu hufika karibu hasi 37. Maji yakiganda ndani ya bloku hupasua chuma, na hapo hakuna tena habari ya hita.

Themostati ilikaa kwenye nyumba yake ya plastiki, boliti tatu, moja ikikataa. Ilipotoka nilijua bila kupima. Sahani yake ilikuwa imeachia, mwanya wa milimita tatu hivi, spiringi imelegea. Lakini nilitaka shemeji aone kwa macho yake, kwa hiyo tukapanda nayo juu pamoja na ile mpya. Mama mwenye nyumba akatupa sufuria kuukuu, akasema isirudi tena kabatini. Watoto watatu wakapanda viti kutazama. Nikaifunga kila moja kwa uzi, nikazitumbukiza kwenye maji ya bomba, nikaweka kipimajoto cha kuokea, nikawasha jiko.

Ya zamani haikubadilika, ilianza wazi ikabaki wazi. Mpya ilikaa imefunga kwenye nyuzi 50, 60, 70. Mtoto mdogo akachoka akashuka. Kwenye 80 bado. Ilipofika 87 ile sahani ikajiinua kiasi cha unene wa ukucha, polepole, na maji yalipoanza kuchemka ikawa wazi kabisa. Ndani yake hakuna umeme wala kompyuta. Kuna nta kwenye kikopo kidogo cha shaba. Nta ikiyeyuka inatanuka, inasukuma kijiti, kijiti kinafungua mlango. Maji yakipoa nta inajikunja na spiringi inafunga. Imegongwa namba 88 kwenye ubavu.

Naomba niseme jambo ambalo limenikaa moyoni kwa miaka. Ufundi nilijifunzia mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, na huko gari likichemsha kitu cha kwanza tulichofanya ni kung'oa themostati na kuitupa. Hatukuuliza. Rejeta inaweza kuwa imeziba, pampu ya maji inaweza kuwa imechoka, gasketi ya silinda hedi inaweza kuwa imekwisha, lakini tuling'oa themostati, gari likapoa siku hiyo, mteja akalipa. Kwa joto la Dar hakuna anayeona hasara haraka, maana hakuna anayewasha hita. Hasara ipo hata hivyo. Injini inafanya kazi chini ya joto lake, inakula mafuta zaidi, oili inakusanya unyevu na mafuta yasiyoungua, vyuma vinasagika. Na tatizo la kweli linabaki palepale likisubiri mlima wa Kitonga. Nimeng'oa themostati zisizohesabika kwa mikono yangu, na kila moja nilidhani namsaidia mtu.

Niliyasema haya nikiwa nimeinama juu ya sufuria. Mwenyeji wetu akasema kwao Uvira walifanya vilevile, kwenye malori ya kupanda Bukavu. Shemeji hakusema neno. Alichukua ile ya zamani, akaifuta, akaniwekea kwenye mfuko wa koti.

Tulirudi gerejini tukafunga mpya na mpira mpya, tukajaza kulanti nusu kwa nusu, tukatoa hewa kwenye mabomba mpaka povu likaisha. Hewa ikibaki kwenye hita nayo huleta baridi, na watu hulaumu themostati bure. Kipimo mara ya pili kilisoma hasi 36.

Tulipowasha, kiganja kwenye hozi. Nyuzi 30, baridi. Nyuzi 50, baridi. Hapa niliizima, kwa sababu manispaa nyingi za Sweden haziruhusu gari lililoegeshwa kuunguruma zaidi ya dakika 1, na gerejini ndani hata bila sheria si pa kufanya hivyo. Tukalipeleka barabarani. Kilomita 9 tu, nyuzi 70. Kilomita 14, nyuzi 88, na hapo ndipo hozi ilipopata moto.

Jumapili. Umeå hadi Överkalix, karibu kilomita 370. Hasi 21 asubuhi, hasi 29 jioni.

Gari ni jingine. Namba ilipanda hadi 88 ikakaa, na kwa saa nzima sikuona ikitoka kati ya 86 na 90. Shemeji alivua kofia Skellefteå na koti Piteå.

Hata hivyo zile kilomita 10 za kwanza bado zilikuwa za baridi, na hapo ndipo dizeli inabaki kuwa dizeli. Wenye viwanda wanalijua hilo, ndiyo maana magari mengi ya dizeli yanayouzwa huku hufungwa hita ya umeme kwenye njia ya hewa, kama kilowati 1 hivi, inayofanya kazi injini ikiwa imewashwa na maji bado hayajapata moto. Nilishangaa la shemeji halina. Kumbe linayo. Tulipokuwa tunakunywa chai nilipekua mipangilio ya skrini ukurasa kwa ukurasa, nikakuta hita ya nyongeza imezimwa. Nadhani mwenyewe wa kwanza alitaka kubana mafuta. Nikaiwasha, na tulipoondoka tena ndani ya dakika moja hewa ilikuwa na uvuguvugu.

Luleå tulijaza tanki hata kama lilikuwa na nusu. Dizeli nayo ina nta, jamaa wa karibu wa ile iliyo ndani ya themostati, na kwenye baridi inajitenga, inakuwa kama uji, inaziba filta. Ndiyo sababu huuzwa kwa madaraja. Kiwango cha Ulaya cha EN 590 kina madaraja ya baridi kali yanayopitika kwenye filta hadi hasi 44. Unachotakiwa kufanya ni kununua mafuta ya kule unakokwenda kabla hujafika kwenye baridi yake, na kuendesha kidogo ili yafike kwenye filta. Shemeji aliwahi kusikia kwamba ukichanganya petroli kidogo au mafuta ya taa dizeli haigandi. Madereva wa zamani walifanya hivyo kwenye injini za zamani. Pampu za shinikizo kubwa za leo hulainishwa na dizeli yenyewe, na mchanganyiko huo unazikwangua. Sisi tunaotoka nchi zilizoumizwa na uchakachuaji hatuhitaji kuhubiriwa hilo.

Töre tukaiacha E4 tukashika E10. Giza liliingia mapema. Nilikata boksi la kadibodi nikafunika nusu ya chini ya grili, nyuma ya wavu, na nikaendelea kusoma namba. Themostati ikiwa imefunga rejeta haina kazi, lakini upepo wa hasi 29 unaopita kwenye bloku na kwenye sinki ya oili bado unachukua chake. Kwa kadibodi, hewa ya ndani ilibaki moto hata tulipotembea 60 nyuma ya gari la kusukuma theluji. Anayefanya hivi lazima akumbuke kuitoa baridi ikilegea.

Tumelala Överkalix kando ya mto Kalix, ambao wakati huu ni uwanja mweupe. Nyumba ya wageni ina nguzo za umeme kwenye maegesho. Nimetazama chini ya bampa, na gari letu lina kichwa cha kuchomekea! Miezi mitatu shemeji alikuwa hajui ni cha nini. Alidhani ni cha trela.

Jumatatu. Överkalix hadi Kiruna, karibu kilomita 260. Hasi 33.

Wasweden wanakiita motorvärmare: kipande cha umeme kilichofungwa kwenye injini kinachopasha maji au bloku, cha wati 500 hivi, kama pasi iliyowekwa kwa adabu. Huku kaskazini ni kitu cha kawaida kama kitasa cha mlango. Huachi kimechomekwa usiku kucha. Joto linafika kikomo chake baada ya saa chache na umeme unaobaki unapashia upepo, kwa hiyo muda wa saa 2 unatosha, na kwenye baridi kali kama hii saa 3. Nguzo zina saa ya kutega. Tulitega ianze saa 10 alfajiri, tuondoke saa 1.

Saa 1 kasoro tulitoka. Pua zinashikana kwa ndani ukivuta hewa. Betri kwenye baridi hii ina nusu tu ya nguvu zake au chini, oili inakuwa asali, na zile plagi za kupasha silinda zinatakiwa zifike nyuzi 1,000 ndipo mafuta yawake. Kompyuta ilisoma maji nyuzi 14 kabla hata ya kuwasha. Hasi 33 nje, na ndani ya injini ni asubuhi ya Njombe mwezi wa saba. Shemeji akaweka ufunguo, akangoja taa ya njano izime, akawasha. Mzunguko mmoja na nusu.

Kilomita 4 baadaye tulikuwa na hewa ya moto. Shemeji alicheka peke yake barabarani kwa muda mrefu.

Tulivuka mstari wa Aktiki katikati ya msitu kabla ya Gällivare. Tulisimama dakika mbili, kwa picha. Poro watano, wale kulungu wa kaskazini, walikuwa barabarani mbele kidogo na hawakuwa na haraka. Tukazima taa kubwa tukangoja, na nikatazama namba: 88, 87, 85, 84. Dakika sita. Kwa hiyo bado inapoa ikisimama, themostati nzima isiyo na kosa, kwa sababu hesabu ya kilowati 6 haijabadilika. Poro walipoondoka ilirudi 88 ndani ya kilomita mbili. Nilimwambia shemeji hilo ndilo alichukue: gari hili linapata joto likifanya kazi. Asilipashe kwa kulisimamisha. Awashe, aanze taratibu bila kulikanyaga, gia zisiwe za juu mno, feni namba 1 mpaka maji yafike 50, ndipo aombe zaidi. Na kwenye buti wakae daima mablanketi, mishumaa na chakula, kwa ajili ya siku ya lori lililolala njiani.

Kiruna tuliiona kwa moshi wa mgodi wa chuma kabla ya nyumba. Mji unahamishwa, ardhi chini yake inapasuka kwa sababu ya uchimbaji, na nyumba ya shemeji iko upande wa katikati mpya. Nguzo yake ya umeme ina namba ya nyumba yake. Tulichomeka kabla ya kushusha hata begi moja.

Jumanne. Kiruna. Hasi 35.

Shemeji amenipeleka stesheni mwenyewe. Kutoka kwake ni safari fupi, ile ya kuulia vidole aliyokuwa akiilalamikia Uppsala. Kioo kilikuwa kimeyeyuka chini kabla hatujatoka maegeshoni, na kwenye mzunguko wa tatu wa barabara miguu yangu ilikuwa na joto. Aliukunja waya akauning'iniza kwenye kioo cha pembeni ili asiusahau. Mkononi alinipa foili ya dada yake, tupu, akasema ijazwe tena Pasaka.

Ndani ya treni ya usiku nilimpigia simu mzee aliyenifundisha kazi Gerezani. Ana miaka 70 na zaidi na bado anakwenda gereji kukaa. "Shikamoo mzee." "Marahaba, mwanangu. Baridi inakula watu huko?" Nikamweleza yote, sufuria, nta, hozi, nyuzi 88. Alisikiliza bila kunikatiza. Kisha akasema kijana mmoja leo asubuhi alitaka kung'oa themostati ya gari la mteja, na yeye hakumkataza.

"Mwambie aipime kwanza," nikasema. "Maji, sufuria na uzi tu."

Kimya kikapita mpaka nikadhani simu imekatika. Halafu akaniuliza ile iliyokufa ninayo bado. Nikaitoa mfukoni, nikaisogeza kwenye taa ya dirishani, nikamsomea namba iliyogongwa ubavuni. Akaniambia ningoje, achukue kalamu.